Maji Yaliyofundishwa Kukaa

Mama alipokata mkungu kule Isingiro
shina lilianguka upande, likatoa pumzi ya maji,
na hakuna aliyeligeukia.
Mgomba huzaa mara moja;
baada ya hapo ni mali ya ng'ombe na funza.
Cha kuvunda hakina ubani, walisema majirani
waliponiona nalifunga nyuma ya pikipiki,
refu kama maiti ya mtu asiye na ndugu.

Mbarara. Chumba cha pili, nyuma ya stoo ya hospitali.
Ninsiima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi,
alilikata vipande, akavichemsha katika magadi makali
mpaka harufu ya shamba ikahama jengo.
Akaosha. Akaosha tena.
Mara ya saba maji yakatoka kama yalivyoingia
na juu ya chujio pakabaki nyuzi nyeupe,
laini kama mvi zilizofumuliwa.
"Hii ndiyo selulosi," akasema.
"Mfupa wa mmea. Kila jani unaloliona limesimama
limesimama kwa huu."

Nilidhani kazi imekwisha.
Kumbe ndio kwanza mkoko unaalika maua.
Tukaziyeyusha, tukazitia asidi ya ndimu,
tukaziweka kwenye oveni usiku kucha
ili zishikane mikono.
Mara ya kwanza tukapata uji.
Mara ya pili umeme ulikatika saa nane,
asubuhi tukakuta gamba la njano
limejikunja kama sikio.
Baada ya mara ya tano sikuhesabu tena.

Jumanne moja Ninsiima aliinamisha sahani
na kitu kikatetemeka,
hakikumwagika.
Kipande cha ukubwa wa kiganja, angavu, baridi;
ukikiinua dirishani unaona mtaa mzima umepinda ndani yake.
"Kina nini?"
"Maji," akasema. "Karibu chote ni maji.
Yamefundishwa kukaa, basi."

Kiwalabye, mtu wa Masaka, anauza roleksi karibu na stendi:
mayai mawili, nyanya, kabeji, chumvi ya kutupa kwa mbali.
Alikuwa anauza,
mpaka karai la mafuta lilipoteleza
likamla mkono wa kulia hadi kiwiko.
Kilio chake wodini hakikuwa cha moto tena. Kilikuwa cha bandeji:
kila asubuhi shashi kavu imeshika nyama mpya,
na nesi akiivuta, inakuja na kazi yote ya usiku.
"Mwili wangu unafuma," aliniambia, "nanyi mnafumua."

Fomu ya ridhaa aliisoma mara mbili.
"Mgomba? Huu wa matoke?"
"Huu huu."
Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.
"Kondo langu lilizikwa chini ya mgomba.
Kumbe lilikuwa mkopo."

Tuliiweka saa tatu. Alinyamaza.
Halafu akasema neno ambalo jedwali langu halina safu yake:
"Kuna mlango ulikuwa unabamiza. Mtu ameufunga."

Siku ya tatu nesi aliibandua.
Ilitoka bila sauti,
kama jani linavyoachana na matoke yaliyoiva.
Chini yake, wekundu wenye unyevu,
na kingo zinatambaa kuelekeana.
Nesi hakusema kitu. Alitoka, akarudi na wenzake wawili.

Sisemi tumemponya. Kidole kidogo hakikunjiki hadi leo;
chapati anageuza kwa kushoto, na baadhi zinaungua.
Wagonjwa tisa si ushahidi, Ninsiima hunikumbusha
kila nikianza kupaza sauti.
Jeli huota ukungu wiki ya pili tusipopata friji.
Barua tatu ziko Kampala, hazijajibiwa.

Lakini Jumapili nilikwenda Isingiro.
Mama alikuwa amekata mikungu minne,
na mashina yote manne
ameyaegemeza ukutani, kivulini,
kila palipokatwa
amepafunika kwa jani bichi
pasikauke.